Mate ya Mama Rosa

Nilipokuwa mtoto Kibera, Januari ulikuwa mwezi wa kuugua, na hatukuona ajabu yoyote. Desemba ploti nzima ilifunga virago ikaenda ushago, makwao mashambani. Sisi tulikwenda Busia kwa Kukhu, nyanya yangu mzaa baba. Tulikula kuku, tukaoga mtoni, tukarudi Nairobi tumenona. Shule ikafunguliwa, na kabla daftari jipya halijapata doa, mtoto mmoja alikuwa anatetemeka chini ya blanketi, halafu wa pili, halafu wa jirani. Wazazi walikuwa na sababu zao tayari. Ni ile mvua mliyocheza. Ni mahindi mabichi. Ni maembe, niliwaambia muache maembe. Na mtoto akizidiwa kabisa, sababu zote hizo ziliwekwa kando ikabaki moja: kuna mtu amemtazama akila.

Hilo ndilo lililoitwa jicho. Kwetu iliaminika kwamba kuna watu, na sijui kwa nini karibu wote walikuwa wanawake, ambao wakikutazama ukila, au wakikusifu mwili, chakula kinageuka tumboni kikawa kama kipande cha chupa. Si lazima wakuchukie. Wengine, tuliambiwa, hata hawajijui. Dawa yake ni mwenye jicho mwenyewe aje akutemee mate tumboni, kwa hiari yake, aseme hana neno nawe. Ningependa msomaji asimame kidogo hapo kwenye "hiari yake," kwa sababu mimi nimesimama hapo miaka mingi na bado damu inanichemka. Anayekubali kutema amekiri. Anayekataa ameua mtoto wa watu. Nimesoma sheria mbili tatu chuoni, zikiwemo za wakoloni, na sijaona iliyotungwa kwa ustadi kama hiyo.

Ploti yetu ilikuwa upande wa Kibera unaoitwa Soweto, vyumba vya udongo na mabati vikitazamana, mtaro ukipita katikati. Mlangoni pa ploti ndipo jirani yetu Mama Rosa alipokaanga mgongo wazi, ile mifupa ya samaki inayobaki baada ya viwanda vya ziwani kukata mnofu wote wa kupeleka ng'ambo. Wazungu walikula samaki, sisi tukala alama kwamba samaki alikuwapo. Lakini Mama Rosa alikuwa na mkono wake. Mifupa ile ikitoka kwenye karai lake, imekauka, ina chumvi na pilipili, ungeweza kuwahurumia waliokula mnofu. Binti yake Rosa alikuwa mwenzangu wa dawati, na kwa hesabu alinishinda, jambo ambalo nilimsamehe kwa shida.

Mama Rosa hakuwa akienda ushago. Mume wake alipofariki, shemeji zake walitaka mmoja wao amrithi, naye akawaambia hataki, waziwazi, mbele ya wazee, na tangu siku hiyo hakuwa na boma la kurudia. Kwa hiyo Krismasi sisi sote tukiwa tumeondoka, yeye na Rosa walibaki kutulindia milango. Na Januari sisi tukiwa tunatetemeka, Rosa alikuwa anaruka kamba.

Wanawake pale kwenye bomba la maji waliliona hilo. "Umewahi kuona Rosa akiugua? Hata mafua tu?" Walilisema kwa sauti ya chini, kama watu waliogundua kitu, na kwa kweli walikuwa wamegundua. Wangelifikiria hatua moja zaidi, wangeuliza Rosa alikuwa wapi Desemba. Hawakuuliza. Kile ambacho kingemtetea ndicho walichokishika kumshtaki.

Sasa nimlete Anko Wandera. Alikuwa kitinda mimba wa Kukhu, mdogo wa baba yangu, mtu wa kwanza katika ukoo wetu kuvaa joho la chuo kikuu. Wakati huo alifanya kazi na watafiti wa malaria waliokuwa wakizunguka vijijini kwetu. Desemba ile walifika hata kwa Kukhu, asubuhi na mapema. Walitoa viti na sufuria nje, wakatandika shuka nyeupe sakafuni pote, wakafunga madirisha, wakapuliza dawa. Baada ya kitambo wakaingia kwa magoti, wakiokota mbu walioanguka, mmoja mmoja, kwa koleo ndogo kama za kung'olea nyusi. Kukhu alisimama uani mikono kiunoni akisema shuka nyeupe haitandikwi ndani ya nyumba ambayo haina maiti, na kwamba kuna mtu ataugua kwa upuuzi huo. Anko alicheka. Mimi alinishika mkono akanionyesha mbu mmoja aliyevimba, mwekundu kama punje ya komamanga.

"Hii ni damu yako ama yangu," aliniambia. "Ana kitu anakuachia. Na hutaugua leo. Utarudi Nairobi, utasahau kuna mbu alikuuma, wiki mbili hivi zipite, ndio homa ije. Nairobi kuna baridi, huyu hawezi huko. Watu wa huko huutoa ugonjwa huku."

Alikuwa mwalimu mzuri. Simnyimi hilo. Nilielewa kila neno, na nilikuwa na miaka tisa.

Tuliporudi Nairobi, Mama Rosa alinifungulia mikono mlangoni pa ploti. Akanipa mgongo wazi kwenye gazeti, bure, kwa kuwa Rosa alikuwa amenikosa. Nikala nimesimama pale pale. Akanitazama, akasema, na watu wakasikia, "Ona Nabwire alivyonona kwa kukhu wake. Shavu kama andazi." Basi. Hayo ndiyo mashtaka yote. Shavu kama andazi.

Homa ilinishika wiki ya pili ya shule. Nakumbuka meno yakigongana, nakumbuka mabati ya dari yakipanda na kushuka kana kwamba nyumba inapumua. Nilitapika uji, nikatapika maji. Mama aliacha kwenda kufua nguo za watu mtaa wa jirani, Ayany. Siku ya tatu akaja Senge, dada mkubwa wa baba, kutoka Kawangware. Senge alikuwa mwanamke wa kanisa, kiongozi wa maombi huko Riruta, na ndiye aliyemlea Wandera mgongoni. Alinipapasa tumbo, akauliza nilikula nini siku ya kwanza niliyofika. Mama akamwambia. Senge akageuka akautazama mlango wa Mama Rosa, na mtazamo wa Senge ulikuwa kama hukumu ya mahakama ya rufani.

Anko Wandera alikuwapo. Alikuwa amekuja Nairobi kwa mambo ya masomo yake ya juu, akilala kwenye kochi letu huku miguu ikining'inia. Jumapili asubuhi, Senge akiwa kanisani, alifungua mkoba wake, akatoa tembe nyeupe, akaziponda kwenye kijiko na sukari. Uchungu ule sijausahau. Ulipita sukari kama mtu anayepita foleni. "Meza," alisema. "Hii ni klorokwini, itakutoa homa. Lakini usimwambie Senge, atasema naingilia maombi." Mchana akaniongezea nyingine.

Jioni ile ile wakaitisha kikao.

Benchi zilitolewa uani. Mama alinipakata mlangoni mwetu nikiwa nimefungwa blanketi, kwa hiyo niliona yote. Senge alikaa katikati. Mzee Barasa, mpangaji wa zamani kuliko wote na mzee wa ploti, alikaa karibu naye. Keateka, msimamizi wa ploti aliyewekwa na mwenye nyumba, alisimama akichezea funguo. Huyu alikuwa na shemeji yake aliyekuwa anatafuta chumba, na kila mtu alijua. Anko Wandera alikuwa na tai. Mama Rosa aliitwa kutoka kwenye karai lake, akaja akijifuta mikono kwa leso.

Senge alianza kwa upole, na upole wake ndio uliotisha. Alisema hakuna anayemchukia Mama Rosa, kwamba mambo mengine mtu huzaliwa nayo, kwamba wao shida yao ni mtoto tu. Mama Rosa aliuliza amemfanyia nini mtoto zaidi ya kumpa samaki. "Si ndiyo hiyo samaki," akadakia mtu nyuma, na watu wakacheka kidogo, kicheko cha watu wanaojua kesi imeshaamuliwa.

Ndipo Mzee Barasa akamgeukia Anko. Nampa heshima zake mzee huyo, kwa sababu alifanya ambacho hakuna mwingine aliyefanya. Aliuliza.

"Wandera, wewe haya magonjwa umeyasoma mpaka ukayafuata kwenye vitabu vya wazungu. Huyu mtoto ana nini?"

Anko akasimama, akainyoosha tai. Sijui kama niliwahi kumpenda mtu mzima kama nilivyompenda dakika ile. Alijua. Alikuwa ameponda jibu asubuhi ile ile kwenye kijiko chetu. Sentensi moja tu ilitosha, ile ile aliyonipa bure uani kwa Kukhu, na Mama Rosa angerudi kwenye karai lake mafuta yakiwa bado ya moto. Alimtazama Senge. Akakohoa.

"Wazee wangu," akasema, "sayansi ina mipaka yake. Kuna mambo yetu sisi ambayo vitabu bado havijayafikia."

Akaketi.

Ungesikia jinsi walivyofurahi. Walitikisa vichwa, wakaambiana tazama, amesoma na bado ana heshima, kitabu hakikumharibu. Hata leo nikisikia msomi akisema sayansi ina mipaka, natafuta kwanza ni nani anayekaribia kufukuzwa nyumbani kwake. Maana mipaka ipo, sikatai, lakini pale haikuwapo. Pale palikuwa na mtu aliyeogopa dada yake, akaupa woga wake jina la unyenyekevu, akapigiwa makofi.

Nilisema kitu. Sauti ilikuwa imekauka, lakini nilisema, "Anko, si ulisema ni mbu?" Mama akanivuta blanketi mpaka puani. "Ni homa inamsemesha," akawaambia watu.

Mama Rosa alikuwa bado anamtazama Anko Wandera. Alimtazama muda mrefu, naye Anko alikuwa anatazama viatu vyake. Kisha akanitazama mimi. Nadhani aliona mtoto mgonjwa tu, mwenzake Rosa, na akaona kwamba hao watu wanaweza kukaa pale mpaka mtoto afe ili wathibitishe hoja. Aliomba maji, akanawa mikono, akaja akapiga magoti mbele ya Mama. Akaniinua fulana. Mate yake yalikuwa ya vuguvugu. Senge alimkumbusha maneno.

"Nabwire, sina neno nawe," alisema Mama Rosa. Halafu akaongeza lake, ambalo halikuwa kwenye maneno ya Senge: "Sijawahi."

Jumanne homa ilikuwa imetoka. Nilikuwa nimeketi, nadai chai. Na nilikuwa nawashwa mwili mzima, nyayo, kichwa, katikati ya vidole, nikijikuna kwa gunzi la mahindi. Kila aliyewahi kumeza klorokwini miaka ile anaujua mwasho huo. Ungeweza kumtambua mgonjwa wa malaria barabarani kwa jinsi alivyojikuna tu. Senge aliutazama akawaeleza majirani kwamba hilo ni jicho, linatoka kupitia ngozi. Waliimba wimbo mmoja uani. Ushahidi ulikuwa umekamilika: ametema, mtoto amepona.

Wiki haikuisha. Keateka alimwambia Mama Rosa kwamba yeye binafsi hana shida, ila wapangaji hawana amani. Mkokoteni ukaja. Rosa aliketi juu ya godoro akilishika karai lisianguke, na hakunipungia mkono, nami sikumlaumu. Baba yangu, mtu mwema, alisaidia kufunga kamba. Alizifunga vizuri sana, akavuta kila fundo mara mbili, kana kwamba hilo ndilo lililokuwa linahitajika.

Shemeji ya keateka aliingia mwisho wa mwezi. Alikuwa na redio kubwa.

Nilimwona Mama Rosa mara moja tu baada ya hapo. Likizo ya Agosti nilipelekwa Kawangware kwa Senge, naye akanituma sokoni nyanya na dhania. Nilimkuta amekaa chini ya gunia lililotandazwa kama paa, karai lile lile, moshi ule ule. Nilifurahi, nikamkimbilia, nikasema nataka wa kutosha watu wawili. Alinijua kwa sauti, kwa maana hakuinua macho. Alifunga samaki akiangalia gazeti, akanikabidhi akiangalia mkono wangu, na mteja mwingine alipokuja na mtoto mgongoni, aliinamisha kichwa zaidi. Alikuwa amejifunza kuuza chakula bila kumtazama mtu anayekula.

"Siku ile walikupa dawa?" aliniuliza, uso ukiwa kwenye mafuta.

Nikamwambia Anko alinipa tembe, kabla ya kikao.

"Vizuri," akasema. Akageuza mfupa mmoja, akageuza mwingine. "Vizuri. Nilikuwa nawaza kama kuna mtu alikupa dawa."

Nikamuuliza Rosa yuko wapi, akasema yuko shule, niende sasa, nisije nikaonekana hapo.

Miaka ilipita. Niliingia chuo kikuu, na siku moja katika ukumbi mkubwa ulionuka chaki akaletwa mgeni wa kutuhutubia juu ya kupambana na malaria vijijini. Alikuwa Anko Wandera, sasa Daktari Wandera, ana kitambi kidogo na miwani. Alizungumza vizuri. Alieleza mbu, alieleza vyandarua, kisha akafika kwenye kile alichokiita kikwazo kikubwa kuliko vyote, imani potofu za wananchi. Akatoa mfano. Alisema hata hapa Nairobi, Kibera, aliwahi kuona kwa macho yake mtoto mwenye malaria kali akitibiwa kwa mate. Akaigiza, akainama, "ptu!" Ukumbi ulicheka. Nilikuwa safu ya nne, na tumbo lililotemewa lilikuwa langu.

Nilimngoja mlangoni. Alinikumbatia, akaniita mama, akawaambia wenzake huyu ni binti yetu. Nikamuuliza mbona hakuwaambia habari za tembe.

"Aah, Nabwire," akasema. "Mgonjwa mmoja si utafiti. Haina uzito."

"Lakini mate umeyasimulia. Na mgonjwa ni yule yule."

Alicheka, akasema nimekuwa mkali kama Senge, akaangalia saa. Aliniuliza nasomea nini, na kabla sijamaliza kumjibu akawa anamsalimia mtu mwingine.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwa Mama. Siku hizo alikuwa amepata chumba cha mawe karibu na Ayany. Nilimkuta anachambua mchele, nikammwagia yote, tembe, kikao, ukumbi, kicheko. Nilitaka aone ni mtu wa namna gani tuliyekuwa tukimpa kochi. Nilitaka ashtuke. Aliendelea kuchambua.

"Tembe najua," akasema. "Maji ya kumezea si nilikupa mimi? Ya kwanza uliitapika, mimi ndiye nilimwambia akupe nyingine."

Nilimuuliza kama alijua, siku ile, kwamba si jicho.

"Nabwire, ulijikuna siku nne. Nani pale ploti hakuwahi kumeza klorokwini? Walikuona ukijikuna, wote."

"Na mkamwacha aondoke."

Hapo mkono wake ulisimama juu ya ungo. "Wewe huna mtoto bado," alisema. "Ningesema hapana, tembe inatosha, halafu ufe usiku? Nilitaka vyote viwili."

Nimejaribu kumkasirikia Mama, hasira haikai. Mtoto akiwa anaungua mapajani mwako, unataka vyote viwili, na cha tatu kikiwapo. Lakini tembe zilitoka kwenye mkoba, na mkoba haukuumia. Mate yalitoka kwa mtu. Miaka yote nilikuwa nimembebesha Wandera peke yake mzigo ule, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na digrii, na ilinifaa hivyo. Kumbe uani pale hapakuwa na mjinga hata mmoja. Walijua, wakanyamaza, kila mmoja kwa sababu yake, na sababu zote zikajumlishwa zikalipwa na mwanamke mmoja ambaye hakuwa na boma la kurudia.

Mimi pia siku hizi ni mtu wa utafiti. Naenda vijijini, Busia na kwingine, naketi kwenye viti vya watu na kuuliza malaria huletwa na nini. Wananijibu mbu. Wazee, vijana, hata mtoto wa darasa la pili, wote ni mbu, na tukirudi mjini wenzangu bado wanaandika kwamba wananchi wanahitaji kuelimishwa. Huwa nanyamaza, nakunywa chai yao. Ila kwa upande wangu nimeongeza swali moja, ambalo hakuna aliyenituma. Kazi ikiisha, namuuliza mama wa nyumba mara ya mwisho mtoto alipougua sana hapa, akapona, ni nani aliyehama. Wengi hucheka, wanadhani nimechoka na jua. Lakini katika kila kijiji hapakosi mmoja ambaye hacheki. Anaweka kikombe chini, anatazama ng'ambo ya ua, mahali penye nyumba isiyo na moshi, na ananiuliza nani ameniambia.